Kabati la Miaka

Sahani ya saba ilisimama Jumatano asubuhi, kabla chai haijaletwa.

Tumpale ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa ameinamia darubini kama kila siku, akipita sahani moja baada ya nyingine, akitazama vipande vya misuli ya moyo vikijikunja na kujikunjua ndani ya maji yao ya waridi. Kila kipande kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na kila kimoja kilipiga kwa mwendo wake. Cha sita kilikuwa na papara. Cha nane kilikuwa kivivu. Cha saba kilikuwa kimetulia tuli, na kingo zake zilianza kuwa nyeupe kama yai lililochemshwa.

Akabadilisha lenzi, akatazama tena. Akakigusa kwa sindano ya umeme. Hakikushtuka.

"Imekufa," alisema.

"Nani huyo? Tutandike turubai?" Gwakisa aliuliza kutoka ng'ambo ya meza. Barakoa yake ilikuwa kidevuni, kama kawaida. "Tumpale, wewe utalia. Mimi nitasimamia wali."

"Sahani ya saba."

"Marehemu alikuwa na umri gani?"

Tumpale alisoma tarakimu zilizowaka juu ya mlango wa kabati. "Ishirini na nne."

"Lo! Kijana mbichi kabisa. Hata kuoa hajaoa."

Wenzao walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kila mmoja akaangalia mahali pake. Walikuwa wanafunzi kumi wa kidato cha tano, waliochaguliwa kutoka shule za nyanda za juu kuja kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Nyanda wakati wa likizo ya Juni. Sahani nazo zilikuwa kumi.

Kabati lilisimama kwenye kona ya maabara, refu kuliko mtu, mlango wake wa kioo kizito. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu na limechongwa kwenye kibati ambacho hakuna aliyekisoma. Watu wote waliliita kabati la miaka. Ndani yake, kwa joto, kemikali na mapigo ya umeme, seli ziliishi mwaka mmoja kwa siku moja. Hazikuigiza uzee. Zilizeeka kweli, kwa kufuata maagizo ya jeni zao wenyewe, na kama ndani ya maagizo hayo kulikuwa na kosa lililopangiwa kujitokeza baada ya miaka mingi, kabati halikusubiri miaka mingi.

Siku ya kwanza kila mwanafunzi alikwanguliwa ngozi kidogo upande wa ndani wa mkono. Ngozi ikarudishwa nyuma hadi ikawa seli changa zisizo na kazi, kisha seli hizo zikaongozwa hadi zikawa moyo wa miaka kumi na nane, umri wa wanafunzi wenyewe, na kabati likaanza kuhesabu hapo. Hiyo ndiyo desturi ya maabara ya Daktari Hilda Msigwa: hakuna anayekabidhiwa moyo wa mgonjwa kabla hajajifunza kwa moyo wake mwenyewe. Ila wake ni upi, hakuambiwa. Mashine ilitoa namba kwa bahati nasibu, na jina likafutwa hapo hapo, kwa sheria.

Vijana wakajitungia desturi yao juu ya hiyo. Tangu sahani zilipowapita umri, kila asubuhi waliingia maabara na kuziamkia. "Shikamooni," Gwakisa alisema, akiinama mbele ya kioo kwa adabu ya mkwe, na mmoja wao alijibu kwa sauti nzito kwa niaba ya sahani, "Marahaba, wanangu. Mmeleta nini?"

Siku hiyo hakuna aliyejibu kwa niaba ya sahani ya saba.

Daktari Msigwa alikuja, akatazama kwenye darubini kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi, na hakupenda kusema jambo mara mbili.

"Sahani si mtu," alisema. "Inaweza kusimama kwa chakula kibaya, kwa joto, kwa mkono mchafu. Tumpale, tafuta sababu. Wengine kazini. Na wewe, Gwakisa, hiyo barakoa si kilemba."

Tumpale alitafuta. Chakula kilikuwa sawa na cha sahani nyingine. Joto halikupanda wala kushuka. Hapakuwa na bakteria wala kuvu. Alipokata kipande chenyewe na kukitia rangi, aliona nyuzi za misuli zimepotoka na kuvimba, zimepishana kama nywele zisizochanwa. Hayo hayakuwa makosa ya mkono wa mtu. Sahani ilisimama kwa sababu moyo ule ulikuwa umeumbwa usimame.

Akaripoti hivyo. Hakuuliza ni wa nani, kwa kuwa lilikuwa swali lisilo na jibu, na Tumpale, mtoto wa mwalimu wa hesabu, alilelewa asipoteze muda kwa maswali ya namna hiyo.

*

Wiki iliyofuata ilichafuka chupa ya seli za rejea, zile seli safi ambazo maabara hulinganishia kila kitu. Humo zilionekana seli za binadamu mwingine zikiogelea kwa raha zao.

Kwa uchafu wa namna hiyo kulikuwa na utaratibu. Kila aliyeigusa chupa hupanguswa mate kwa pamba, na vinasaba vyake hulinganishwa na vile vya mvamizi. Aliyepatikana huoga maneno ya Daktari Msigwa mbele ya wote, kisha huosha vyombo vya maabara hadi mwisho wa juma. Tumpale alipewa kazi hiyo kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Aliweka pamba kwenye mashine. Kioo cha mashine kikauliza alinganishe na nini: chupa hii tu, au hifadhi yote?

Alichagua hifadhi yote. Lilikuwa wazo la mtu makini: kama mate yameingia kwenye chupa moja, yaweza kuwa yameingia na nyingine. Alichosahau ni kwamba sampuli za sahani kumi zilikaa kwenye hifadhi hiyo hiyo. Sahani hazikuwa na majina, kama sheria ilivyotaka. Lakini pamba zilikuwa nayo, kwa kuwa lazima mchafuzi ajulikane. Walioandika sheria walifunga mlango mmoja wasijue kuna wa pili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuosha chupa ya maabara.

Majibu yalikuja na mistari miwili.

Gwakisa Mwaijande, chupa ya rejea: ndiye.

Gwakisa Mwaijande, sahani ya saba: ndiye.

Tumpale alirudia kipimo toka mwanzo, kwa pamba mpya. Kisha akarudia tena. Mashine haikuwa na sababu ya kubadili maneno yake. Akafuta mstari wa pili, akahakikisha umefutika, akavua glavu na kukaa juu ya kiti kirefu, mikono mapajani. Nje ukungu ulikuwa umefunika mji wa Mbeya wote, paa moja tu la bati likichungulia.

Alipotoka, Gwakisa alikuwa koridoni akisubiri hukumu.

"Haya, hakimu. Nani?"

"Wewe."

"Ushahidi?"

"Mate yako. Ulikuwa unaimba juu ya chupa."

"Kidogo tu!" Akacheka, mabega yakacheka pia. "Tena pambio la kanisani. Hizo seli zimebarikiwa, wala hazijachafuka. Mbona umekaa uso wa msibani? Mwoshaji ni mimi, bwana."

"Nimechoka."

"Pole, dada. Nitakuletea parachichi. Mama ametuma la ukubwa wa kichwa chako."

*

Tumpale alimfuata Daktari Msigwa ofisini saa ya chai. Hakukaa mpaka aliporuhusiwa.

"Daktari, tuseme mtu amejua sahani fulani ni ya nani. Kwa makosa, si kwa kutaka."

Daktari Msigwa aliweka kikombe chini. "Usinitajie namba. Wala jina."

"Sitaji."

"Funga mlango."

Akaufunga.

"Wewe hukuwepo wakati wa posa za sahani," Daktari alisema. "Mwanzoni kabati lilikuwa wazi kwa kila mtu. Washenga walikuwa wakifika ugenini na maswali yao: binti wa nani, dini gani, sahani yake imefika ngapi. Waajiri wakafuata. Ndipo ikaja Sheria ya Pazia, na anayelifunua pazia hagusi tena maabara yoyote maisha yake yote. Najua unachokitaka katika maisha, Tumpale. Na ninajua hii programu itafungwa siku hiyo hiyo."

"Naijua sheria, Daktari."

"Unaijua kama somo. Sikiliza. Palikuwa na binti mmoja Makambako. Sahani yake ilisimama kwenye thelathini na moja. Wachumba wakaacha kuja. Shule ikamwambia hakuna haja ya kumsomesha mtu wa muda mfupi. Mama yake akaanza kumwekea akiba ya sanda."

"Alikufa lini?"

"Hajafa. Ana arobaini na sita, anaishi peke yake. Sahani yake ilichafuliwa na mtu aliyekuwa na haraka."

"Hii haikuchafuliwa. Nyuzi nimezikata mwenyewe."

"Najua. Nimezitazama na mimi." Sauti ya Daktari ilishuka. "Vipande vya namna hiyo tuliwahi kuvilinganisha na sampuli za watu waliokwisha kufa. Wengi walikufa karibu na umri ule ule. Wengi, si wote."

"Akipelekwa hospitali akapimwa moyo?"

"Watamwambia ni mzima, na watakuwa wamesema kweli. Kwa leo moyo wake ni mzima. Dawa haipo; ndiyo tunayoitafuta humo kabatini. Sasa niambie wewe, ukimwambia, unampa nini ambacho hana?"

Tumpale aliona afadhali kuinuka kuliko kujibu kwa kubahatisha.

"Basi rudi kazini," Daktari alisema. Kisha, alipokuwa mlangoni: "Ungekuwa uongo, ungeusahau; huu hutausahau. Pole, mwanangu."

*

Lakini swali la Daktari lilikuwa linapimika, na kinachopimika Tumpale hakuweza kukiacha.

Mradi wake wa likizo, uliopitishwa tangu siku ya kwanza, ulihusu mzigo: moyo unaolazimishwa kupiga mbio hufanya nini, na unaopumzishwa hufanya nini. Alihitaji vipande. Kila sahani ilikuwa na akiba yake kwenye jokofu, hata iliyokufa. Alichukua akiba ya sahani kadhaa, na ya saba ikiwamo, akaotesha kila moja mara mbili. Pacha mmoja alipigwa umeme wa kasi kila alasiri, kama mtu anayekimbia. Wa pili aliachwa apige polepole. Hakuvunja sheria yoyote. Mtu mwingine yeyote angeuona ni mradi wa kawaida wa mwanafunzi mwenye bidii.

Siku ya pili yake, pacha mkimbiaji wa sahani ya saba alisimama. Kabati lilisomeka kumi na tisa.

Pacha aliyepumzishwa aliendelea. Akaipita ishirini na nne bila kusita. Tumpale alianza kufika maabara kabla ya wenzake, akiogopa na kutumaini kwa kiasi kile kile, jambo ambalo hakulipenda kwa sababu halikumsaidia kusoma vipimo. Thelathini ikapita. Thelathini na tano.

Gwakisa alikuwa nahodha wa timu ya shule yake, kiungo asiyechoka. Kila alasiri, baada ya kazi, alikuwa uwanjani akikimbia na wafanyakazi wa chuo. Jioni moja Tumpale alimfuata huko, akakaa kwenye ngazi za zege mpaka alipokuja kunywa maji, jasho likifuka moshi kwa baridi.

"Gwakisa. Kama ingekuwa inaruhusiwa, ungetaka kuijua sahani yako?"

"Ile iliyokufa au zilizo hai?"

"Yoyote."

Akatema maji kwenye majani. "Hapana."

"Hujafikiri."

"Nimefikiri kabla yako. Sikia. Baba yangu alianguka na gunia la viazi begani. Hakuumwa, hakulalamika, akaanguka tu. Basi kwetu kila mtu ana analolijua kuhusu kile kifo. Shangazi anajua ni shamba. Babu anajua ni nani. Baba yangu mdogo ikabidi ahamie Chunya, maana walishamjua. Mama naye anajua yake, hasemi. Nimekulia kwenye nyumba ya wajuaji, Tumpale. Mimi nataka niwe yule mmoja asiyejua."

"Na kama kujua kungekuongezea miaka?"

"Miaka ya kufanya nini? Ya kuhesabu?" Akampiga bega kwa chupa tupu. "Wewe ungetaka, najua. Wewe ungetaka na risiti. Haya, njoo udake, kipa wao mguu umeteguka."

"Sijui kudaka."

"Ndiyo maana nakuita, nifunge."

Akarudi uwanjani mbio.

*

Pacha aliyepumzishwa alipofika arobaini na moja bado anapiga, Tumpale alichora mistari yake, akaitazama, akajua kwamba sasa analo la kumjibu Daktari Msigwa. Unampa nini ambacho hana? Unampa miaka iliyo kati ya kumi na tisa na arobaini na ushee. Kwa upande wa pili wa mizani palikuwa na neno moja la Gwakisa, hapana, alilolisema akihema kwa furaha.

Alilipima neno hilo kwa haki kadiri alivyoweza. Lilikuwa neno la mtu mwenye akili timamu, juu ya mwili wake mwenyewe. Lakini alilisema pasipo kuona mistari, na uamuzi uliofanywa bila takwimu, Tumpale aliamini, haujawa uamuzi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Sehemu nyingine ya ukweli ni kwamba hakuweza tena kukaa kwenye zile ngazi akimtazama akikimbia.

Mechi ya kufunga programu, wanafunzi na wafanyakazi, ilikuwa keshokutwa yake. Alimwita nyuma ya maabara, penye mitungi ya gesi, akamwambia. Alimwambia kwa mpangilio: kosa la pamba, nyuzi zilizopotoka, pacha wawili. Hakutaja huruma mahali popote. Alimwonyesha mistari.

Gwakisa aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuambia," alisema mwishowe.

"Uliniambia kabla ya mistari."

"Kabla ya mistari nilikuwa sitaki. Baada ya mistari sitaki. Hapo katikati umenipimia nini?"

"Miaka ishirini na zaidi."

"Nikicheza?"

"Kumi na tisa. Kwenye sahani."

"Mimi nina kumi na nane."

"Najua."

"Unajua." Akacheka, ila mabega safari hii hayakushiriki. "Hongera. Umehamia kwetu."

Tumpale alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa maswali, na hata kwa kutoaminiwa. Gwakisa alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye maandalizi yake. Aliweka vidole viwili shingoni, chini ya taya, akavibakiza hapo, midomo ikisogea kidogo bila sauti.

"Usimwambie mama," alisema, bila kuvitoa. "Kwa chochote unachokiamini. Yeye ameshazika mmoja. Akijua, atanizika kila siku nikiwa nakula. Niahidi."

"Naahidi."

"Hata akikuuliza."

"Hata akiniuliza."

Siku ya mechi aliomba akae golini. Wenzake walishangaa, wakampa. Alisimama katikati ya milingoti amevaa koti, mikono imening'inia. Mpira wa kwanza ulikuja upande wake wa kushoto, taratibu, wa kuokotwa na mtoto. Aliusindikiza kwa macho ukaingia wavuni.

"Kipa wa sanamu huyo!" mmoja wa mafundi alipiga kelele. "Mchongeni mwingine!"

Gwakisa aliutoa mpira wavuni kwa mkono, akauweka chini kwa uangalifu. Kwenye ngazi za zege Tumpale aliona anavyovuta pumzi kwa kipimo, moja, nyingine, kama mtu aliyeazimwa hewa. Mabao yalifika sita. Hakuruka hata mara moja.

*

Siku ya kufunga, wazazi walikuja. Kila mwanafunzi alisimama mbele ya ukumbi na kueleza alichokipata. Tumpale alionyesha mistari yake bila majina, akatumia maneno yaliyo sahihi, akajibu maswali mawili ya wahadhiri. Daktari Msigwa hakuuliza kitu. Alikuwa akiutazama ule mstari mfupi, kisha akamtafuta Gwakisa kwa macho kati ya viti, akamwona alivyokaa, na hakuiangalia tena picha. Tumpale alielewa kwamba amejua, na kwamba hatasema kitu kwa yeyote, na kwamba hiyo nayo ni adhabu.

Nje, kwenye majani ya mteremko, palitolewa soda na maandazi. Mama wa Gwakisa alimjia Tumpale kabla hajapata pa kujificha. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Kiwira, kitenge kipya, uso uliozoea kucheka mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Tumpale? Huyu kila akipiga simu ni Tumpale, Tumpale. Nikasema leo nitamwona huyo Tumpale." Akamshika mkono, hakuuachia. "Umeeleza vizuri. Sikuelewa, lakini umeeleza vizuri."

"Asante, mama."

"Niambie, mwenzio ana nini? Nimempokea mtoto hana neno. Huyu ninayemjua, ukimfunga mdomo ataongea kwa pua. Kuna mtu kamuudhi hapa?"

Gwakisa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, soda mkononi haijafunguliwa. Aliangalia chini.

"Kazi zilikuwa nyingi, mama," Tumpale alisema. "Amechoka."

Ulikuwa uongo wa kwanza ambao aliwahi kumwambia mtu mzima, na ulitoka kwa urahisi uliomtia hofu.

"Kuchoka." Mama alitikisa kichwa. "Haya. Atakula, atalala. Na ule mstari uliokatika, ule mfupi. Ni wa nani?"

"Hatujui, mama. Sheria hairuhusu."

"Afadhali. Mama yake huyo Mungu amemsitiri, hajui."

Tumpale alitaka kuutoa mkono wake. Mama aliendelea kuushika, akiupapasa kwa kidole gumba, kama anayemtuliza mtoto wa mtu mwingine.

Wakati huo mdogo wake Gwakisa, Atupele, msichana wa miaka tisa ambaye ukumbini alisinzia, aliamka kabisa. Alivua viatu akaviacha kwenye majani, akaanza kushuka mteremko mbio, mikono ameitandaza, akipiga yowe la furaha. Alifika chini, akageuka, akaanza kupanda juu kwa kasi ile ile.

"Atupele!" Gwakisa aliita. "Tembea!"

Msichana alicheka, akakaza mbio.

"Nimesema tembea! Tembea, wewe!"

Sauti yake ilivunjika katikati. Watu waliokuwa karibu waligeuka, maandazi mikononi. Chupa ya soda ilikuwa imemponyoka, ikabiringika kwenye majani, na yeye alikuwa ameshaanza kumfuata mdogo wake, damu ya baba yule yule, kisha akakumbuka, akasimama, vidole vikipanda shingoni.

Mama yake alimtazama. Alivitazama vile vidole. Kicheko kilichokuwa usoni kwake kilikaa kidogo bila mwenyewe, halafu kikaondoka, na mkono wake ukaacha kupapasa.

"Tangu lini," alisema polepole, "unamkataza mtoto kukimbia?"

Gwakisa alivishusha vidole haraka. Mama akamgeukia Tumpale. Tumpale, ambaye kwa kila swali alilowahi kuulizwa alikuwa ama na jibu ama na njia ya kulipata, aliangalia viatu vile viwili vidogo kwenye majani, na akatimiza ahadi yake.

Katikati ya mteremko Atupele alikuwa amesimama, akiwashangaa wakubwa. Kwa kuwa kaka yake aliwahi kuwa mtu wa utani, aliamua kwamba huu ni mchezo mpya. Akatembea. Akaweka mguu mmoja mbele ya mwingine kwa madaha makubwa, kidevu juu, hatua moja, mbili, tatu, akisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Akatembea kidogo tena, halafu akasahau, akakimbia.